Franco Luambo Makiadi: Maisha na urithi wa kiongozi wa OK Jazz

François Luambo Luanzo Makiadi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Franco, alikuwa mtunzi, mpiga gitaa, mwimbaji na kiongozi wa bendi ya OK Jazz ya Kinshasa, mji mkuu wa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 na kufariki dunia tarehe 12 Oktoba 1989, akiwa na umri wa miaka 51. Alitunga mamia ya nyimbo na kulea waimbaji na wapigaji wa vizazi kadhaa. Pia aliacha swali ambalo wapenzi wa muziki wa Kongo hawajaacha kulijadili hadi leo: je, alikuwa sauti ya wananchi au sauti ya utawala?

Utoto karibu na soko

Franco alizaliwa Sona-Bata, katika eneo la Bas-Congo, ambalo sasa ni mkoa wa Kongo Central. Baba yake, Joseph Emongo, alikuwa Mtetela aliyefanya kazi katika shirika la reli, na mama yake, Hélène Mbongo Makiese, alikuwa Mkongo. Familia ilihamia Léopoldville, jina la Kinshasa katika enzi ya ukoloni wa Ubelgiji. Baba alifariki Franco akiwa bado mtoto mdogo, na mama akabaki kuwatunza watoto kwa kuuza maandazi katika soko la Ngiri-Ngiri.

Elimu yake ya darasani haikufika mbali. Gitaa lake la kwanza lilikuwa la kujitengenezea, na alilipiga karibu na meza ya mama yake, wateja wakivutwa na mlio wake. Mwanamuziki Paul Ebengo Dewayon ndiye aliyemfundisha misingi ya gitaa halisi. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, akiwa bado kijana mdogo, alianza kurekodi katika studio ya Loningisa, iliyomilikiwa na wafanyabiashara wa Kigiriki wa ukoo wa Papadimitriou. Hapo ndipo mpiga gitaa Henri Bowane alipomfupishia jina, na François akawa Franco.

Kuzaliwa kwa OK Jazz

Mwezi Juni 1956 kundi la wanamuziki wa Loningisa lilianza kutumbuiza katika baa ya Oscar Kashama mjini Léopoldville. Herufi OK zilitokana na baa hiyo na mwenyewe. Miongoni mwa waasisi walikuwamo Jean Serge Essous aliyepuliza klarineti na saksafoni, mwimbaji Vicky Longomba, mwimbaji Philippe Lando aliyeitwa Rossignol, na mpiga ngoma Saturnin Pandi. Baadhi yao walitoka Brazzaville, ng'ambo ya pili ya Mto Kongo. Katika miaka ile wanamuziki wa miji hiyo miwili walivuka mto kwa kivuko na kujiunga na bendi za upande wowote.

Franco hakuwa kiongozi tangu siku ya kwanza. Mwanzoni uongozi ulikuwa mikononi mwa Essous, kisha Longomba. Hata hivyo wenzake wengi waliondoka, wengine wakirejea Brazzaville na wengine wakianzisha bendi zao, ilhali yeye alibaki. Kufikia miaka ya 1960 bendi na mtu vilikuwa kitu kimoja, na baadaye iliongezewa jina la Tout Puissant, yaani Mwenyezi, ikawa TP OK Jazz.

Kwa nini "jazz"?

Msikilizaji wa jazz ya Marekani huenda akashangaa kusikia rumba katika santuri za bendi yenye jina hilo. Kinshasa ya miaka ya 1950 ililitumia neno jazz kwa maana pana: bendi ya kisasa yenye magitaa, ala za kupuliza na mavazi nadhifu, tofauti na ngoma za asili. Joseph Kabasele, maarufu kama Grand Kallé, alikuwa tayari ameanzisha African Jazz. Muziki wenyewe ulichota zaidi kutoka Cuba. Santuri za huko zilienea Kongo, na wasikilizaji wengi walitambua ndani yake mapigo ambayo mababu waliofanywa watumwa walikuwa wameyapeleka ng'ambo ya Atlantiki.

Wasomaji wa Tanzania wanaielewa vyema maana hiyo. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz na Nuta Jazz zote zilikuwa bendi za muziki wa dansi, na hakuna aliyewadai wapigaji wake wacheze kama Wamarekani. Kwa hadhira ya Afrika Mashariki na Kati, jazi ilikuwa bendi kamili.

Gitaa na kazi ya uongozi

Mtindo wa OK Jazz ulijulikana kama odemba, wenye mdundo mzito na wa kurudiarudia, uliokaribia ngoma za vijijini. Hapo ndipo ilipotofautiana na shule ya African Jazz, iliyopambwa na gitaa laini la Nicolas Kasanda, yaani Dokta Nico. Franco alidonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, mara nyingi mbili kwa pamoja, na mlio wake ulikuwa mkavu na wenye makali. Wimbo ulianza taratibu kwa masimulizi, kisha ukaingia sebene, sehemu ambayo magitaa hujibizana kwa muda mrefu na watu kucheza.

Kama mtunzi, Franco aliandika jinsi watu wanavyozungumza. Nyimbo zake ni mashauri ya ndoa, malalamiko ya mke mwenza, ugomvi wa marafiki na lawama za wazazi. Zaidi aliimba kwa Kilingala, na wakati mwingine kwa Kikongo, lugha ya mama yake.

Kama kiongozi, alijua kutafuta vipaji na kuvipa nafasi. Simaro Lutumba, mtunzi aliyeheshimiwa kwa tafakuri zake, alijiunga naye mwaka 1961, na Verckys Kiamuanga Mateta aliingia na saksafoni yake mwaka 1963. Baadaye wakaja Sam Mangwana, Josky Kiambukuta, Ndombe Opetum, Ntesa Dalienst na Madilu System. Wimbo "Mabele", mmoja wa nyimbo zinazotajwa sana katika historia ya bendi hiyo, haukuwa wa Franco. Uliandikwa na Simaro na kuimbwa na Mangwana. Katika miaka ya 1980 bendi ilikuwa kubwa kiasi kwamba sehemu yake iliweza kuwa Ulaya huku nyingine ikitumbuiza Kinshasa.

Kati ya Ikulu na mtaa

Mwezi Juni 1966, miezi michache baada ya Mobutu kutwaa madaraka, wanasiasa wanne, akiwamo waziri mkuu wa zamani Évariste Kimba, walinyongwa hadharani mjini Kinshasa. Franco alitoa wimbo "Luvumbu Ndoki", unaotumia simulizi ya Kikongo kuhusu mtu mwovu anayeangamiza watu wake. Wasikilizaji waliielewa fumbo hiyo, na watawala pia waliielewa. Wimbo ukapigwa marufuku, na Franco akavuka mto kwenda Brazzaville kwa muda.

Miaka michache baadaye hali ilibadilika. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire, na chini ya sera ya kurejea kwenye uasilia raia waliacha majina ya Kikristo. Franco naye akachukua jina la L'Okanga La Ndju Pene Luambo Makiadi. Alitunga nyimbo za kumsifu rais na chama tawala. Serikali nayo ilimkabidhi kiwanda cha kuchapa santuri cha MAZADIS, na mwaka 1976 akatunukiwa nishani ya taifa ya Chui.

Hata hivyo, upendeleo huo haukuwa kinga. Mwaka 1978 alifungwa pamoja na baadhi ya wanamuziki wake kwa sababu ya nyimbo mbili, "Hélène" na "Jackie", zilizohesabiwa kuwa za matusi, na nishani akanyang'anywa. Aliachiwa kabla ya kumaliza kifungo, na mwaka 1980 alirudishiwa heshima kwa cheo cha Grand Maître, Bwana Mkubwa wa muziki wa Zaire. Mwaka 1984 alitoa wimbo wa kampeni uliomtaja Mobutu kuwa mgombea wa taifa zima.

Wanaomtetea husema kwamba katika nchi ya chama kimoja, anayeajiri makumi ya watu hawezi kuishi bila kumsifu mkuu, na kwamba lawama zake alizificha katika visa vya mapenzi. Wanaomlaumu hujibu kwamba sifa zake ziliufaidisha utawala kuliko mafumbo yake yalivyowafaidi wananchi. Orodha ya nyimbo zake inawapa wote wawili ushahidi.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1983, mwaka aliofariki Grand Kallé, Franco alirekodi pamoja na Tabu Ley Rochereau, aliyehesabiwa kwa muda mrefu kuwa mshindani wake mkuu. Kibao chake kikubwa zaidi, "Mario", kilitoka mwaka 1985. Akisaidiana na Madilu, alisimulia habari za kijana msomi anayeishi kwa kulelewa na mwanamke aliyemzidi umri. Hadi leo jina hilo hutumika mitaani kumtaja mwanamume wa namna hiyo.

Mwaka 1987 alitoa "Attention na SIDA", onyo refu kuhusu UKIMWI, wakati ambapo watu wengi waliuzungumzia ugonjwa huo kwa kunong'ona. Katika wimbo huo aliwahutubia vijana, wazazi, walimu, madaktari na serikali, kila kundi kwa wajibu wake. Nchini Tanzania, Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo, alifanya kazi ya aina hiyo kwa Kiswahili katika "Mambo kwa Soksi".

Afya ya Franco mwenyewe ilikuwa imeanza kuzorota. Alipungua mwili, na uvumi ukaenea kwamba ameathirika na ugonjwa alioutahadharisha. Yeye aliukanusha. Alifariki katika hospitali mkoani Namur, Ubelgiji. Mwili wake ulirejeshwa Kinshasa, Zaire ikatangaza siku nne za maombolezo ya kitaifa, na umati mkubwa ukajitokeza kumzika.

Urithi

Bendi haikudumu bila mwenyewe. Simaro aliiongoza kwa miaka michache, lakini mvutano kati ya wanamuziki na familia ya marehemu kuhusu mapato uliwatenganisha. Mwaka 1994 wanamuziki hao wakaendelea kwa jina la Bana OK, yaani watoto wa OK. Simaro naye alifariki mwaka 2019.

Mjini Kinshasa, sanamu ya Franco akiwa na gitaa imesimama katika mtaa wa Matonge, penye kumbi alizotumbuiza. Mwezi Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa maombi ya pamoja ya nchi mbili zinazotazamana kando ya mto, DRC na Jamhuri ya Kongo. Ni mto uleule waliouvuka waasisi wa OK Jazz, na ambao Franco aliuvuka alipokimbia.

Afrika Mashariki urithi huo unasikika bila kuhitaji sanamu. Wasikilizaji wengi wa eneo hili hawajui Kilingala, lakini huitambua sebene ya OK Jazz tangu gitaa linapoanza kulia, na "Mario" bado hupigwa katika harusi na redioni.