Ploti ya Dani

Ninakaa Manyatta, nyuma kidogo ya flaiova ya Kondele, chumba kimoja cha mabati. Choo cha shimo kiko karibu sana na kisima tunachotumia kuoshea vyombo. Nilikuwa nikiilaumu kaunti tu, hadi siku Dani, mwenye ploti, aliponikatiza: "Nyakwara, hapa palikuwa shamba la mtama. Nani angelipanga?"

Nikaanza kusoma. Mwaka 1965 Grace Onyango, mwalimu, alikuwa meya wa Kisumu, mwanamke wa kwanza Kenya kukalia kiti hicho. 1969 akachaguliwa mbunge, tena wa kwanza, akakaa Bungeni hadi 1983. Baraza la mji lilikuwa na mitaa yake ya kupangisha, kama Makasembo, lakini Manyatta ilikuwa nje ya mpaka. Mpaka uliposogezwa mapema miaka ya 1970, ardhi ilibaki mikononi mwa familia. Mji ukapata watu bila kupata mahali pa kupitisha mabomba. Wenye mashamba wakajenga vyumba, kimoja kimoja, jinsi pesa ilivyoingia.

Sasa mbunge aseme nini hapo? Kudai serikali ijenge ni rahisi. Kubomoa vyumba vya Dani ili bomba la majitaka lipite, hizo ni kura zimeenda. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inatupa haki ya makao bora, ila haisemi bomba lipite kwa nani.

Jana nilimuuliza Dani kama angekubali.

"Lipite kwa jirani," akasema, kisha akanikumbusha kodi ya mwezi.