Macho Mekundu ya Bibi

Leo tunasema nanyi nyote mliokutana katika vikundi vya kusikiliza, hasa ninyi wa Ushetu: wa Nyamilangano, Bulungwa, Ulowa na Chambo. Mara nyingi somo letu la historia husimulia habari za watemi na vita. Leo tutajifunza habari za macho ya mwanamke mzee: yalipataje kuwa mekundu, wekundu huo ulimletea nini, na ni nani waliokwenda vijijini kuuliza.

Nanyi mnajua nasema juu ya jambo gani. Katika Unyamwezi na Usukuma, na kwa Wasumbwa vilevile, mtu huweza kuitwa mchawi bila kukutwa na kitu chochote mkononi. Dalili zinazotajwa ni macho mekundu, ngozi iliyokunjamana, kutoka nje usiku, kusema peke yake. Zitazameni tena polepole. Zote ni dalili za uzee. Mzee hulala kidogo, na kibofu chake humwamsha mara mbili tatu, kwa hiyo huonekana uani wakati wenzake wamelala. Wengine hupatwa na ugonjwa wa kusahau. Katika wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro, mwaka 2010 madaktari waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi, wakakuta kama watu 6 katika kila 100 wanao ugonjwa huo. Mwenye ugonjwa wa namna hii huweza kuzungumza na mumewe aliyekufa zamani, au kuingia nyumba ya jirani akidhani ni yake. Kwa daktari huyo ni mgonjwa. Kwa jirani mwenye hofu, na mwenye mtoto anayekufa ndani, ni habari nyingine kabisa.

Serikali ilipohesabu watu waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi kati ya mwaka 1970 na 1984, ilipata zaidi ya 3,600. Wanawake walikuwa zaidi ya 2,200. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na wakati huo Ushetu ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kahama katika mkoa huo wa Shinyanga. Magazeti yakayaita mauaji ya vikongwe, na jina hilo limebaki.

Je, hapo kale? Tusidanganyane kwamba kale kulikuwa na amani tupu. Tuhuma zilikuwako, na waliouawa walikuwako. Lakini shauri lilikuwa na mahali pa kwenda. Mtemi alisikiliza, na mara nyingine mtuhumiwa aliambiwa ahame. Waingereza nao waliweka Sheria ya Uchawi mwaka 1928. Sheria hiyo ilimwadhibu anayejidai kuwa na uchawi, na pia anayemsingizia mwenzake. Tena ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtuhumiwa akakae mahali pengine. Kuhamishwa ni uonevu, sikatai, ila aliyehamishwa alikuwa hai. Halafu mwaka 1963 madaraka ya watemi yakaondolewa. Mwaka 1974 ikaja Operesheni ya kuhamia vijijini. Watu waliozoea kukaa mbalimbali, kila mji katikati ya mashamba yake, wakajikuta mlango kwa mlango na watu waliowaogopa. Zamani mtu asiyepatana na jirani alifunga mizigo akatafuta pori jipya. Sasa angekwenda wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpakani mwa Kahama na Nzega, yakazaliwa majeshi ya Sungusungu. Yalianzishwa na wanavijiji wenyewe ili kuwakomesha wezi wa ng'ombe, na kazi hiyo waliifanya kwa bidii. Lakini katika baadhi ya vijiji mishale iliyowatafuta wezi iliwatafuta na wachawi pia, na wanawake wazee walitengwa au kufukuzwa.

Sasa tuwatazame waliouliza. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alitoa mwaka 1953 kitabu kikubwa cha sheria na desturi za Wasukuma. Aliwakusanya watemi na wazee, akawauliza juu ya mahari, urithi, talaka na watoto. Ni kazi ya maana. Ila walioulizwa wengi walikuwa wanaume, na mwanamke humo huonekana zaidi pale ng'ombe wanapotolewa kwa ajili yake, anapozaa, au anapofiwa na mume. Baada ya hapo hupotea. Kati ya mwaka 1957 na 1960 Mwingereza Ray Abrahams alikaa na Wanyamwezi wa Kahama, akachunguza utawala wao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Miaka mingi baadaye, mwaka 1994, ndiye aliyesimamia kitabu juu ya uchawi katika Tanzania ya leo, na humo imo sura ya Simeon Mesaki, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, juu ya mauaji ya Usukuma. Mesaki hakuridhika na jibu la kwamba Wasukuma wanaamini uchawi. Makabila mengi yanaamini, na hayakuua kwa wingi hivyo. Yeye aliuliza kuna nini zaidi. Akatazama kuondoka kwa watemi, na kuhamishiwa vijijini, na mambo ya mashamba na urithi.

Hapo kwenye urithi tutue kidogo. Mwanamke aliyetolewa mahari heshima yake kwa wakwe hutegemea sana uzazi. Akikoma hedhi, mumewe akafa, na yeye akikataa kurithiwa na shemeji au asiwepo wa kumrithi, anabaki na nyumba, shamba na labda ng'ombe wachache, bila mwanamume wa kumsemea. Mambo ya unyumba ya mjane hayazungumzwi hadharani, ila yanatazamwa na kila jicho. Akiwa na rafiki, atasengenywa. Akikaa peke yake, watauliza usiku huzungumza na nani. Nalo shamba lake lina wanaolitamani.

Haya, tuyarudie macho. Mama apikaye kwenye mafiga matatu, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, anainama kwenye moshi saa kadha kila siku, tangu utoto. Kwa miaka hamsini macho hayo yamewashwa. Tena uko ugonjwa wa vikope, ambao huambukizwa kwa mikono, nguo na nzi. Ukirudi mara nyingi, kope hugeuka ndani na kukwaruza jicho. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, maana wao ndio wenye kubeba na kuwaosha watoto wadogo, na watoto ndio wenye maambukizo mengi. Kwa hiyo mwanamke huyo macho yake yaliharibikia katika kazi ya kuwapikia na kuwalea wale wale ambao kesho watamwogopa.

Jambo hili lina historia yake katika ardhi yenyewe. Kule Shinyanga na Maswa, Waingereza na watemi walipigana na mbung'o, wanaoleta malale na nagana. Mwaka 1930 idara ya kuchunguza mbung'o ilikuwa pale Shinyanga chini ya Bwana Swynnerton. Njia mojawapo ilikuwa kufyeka mapori, na watu waliyafyeka kwa maelfu. Mbung'o wakapungua, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikalimwa palipokuwa na miti. Yote yalikuwa mambo ya kushukuru. Lakini mama hakuwa na kuni tena. Akapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na mabua, na vijiti vya pamba, ambavyo moshi wake ni mkali kuliko wa kuni kavu. Mpango wa hifadhi ya ardhi uitwao HASHI ulianza mwaka 1986, na kwa kufufua ngitili za asili miti imerudi katika mamia ya maelfu ya hekta. Ninyi wa Ushetu bado mna miombo, na huenda mtasema hayo ni ya wenzetu wa mbuga tupu. Sivyo. Kuni mbichi ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa machozi vilevile.

Mtafiti mwingine alikuja na swali la mvua. Edward Miguel, Mmarekani, alikusanya habari za vijiji 67 vya wilaya ya Meatu, ambayo wakati huo ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga, kisha akazichapa mwaka 2005. Alikuta kwamba katika mwaka wa ukame au wa mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi huwa karibu mara mbili ya mwaka wa mvua nzuri. Mauaji ya namna nyingine hayaongezeki. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi waliowaua ni jamaa zao. Fikirini maana yake. Imani haibadiliki kufuata mvua. Kinachobadilika ni ghala. Chakula kikipungua, mdomo wa nani huonekana umezidi? Ulaya nayo iliyapitia haya. Kati ya karne ya 15 na ya 18 waliuawa huko watu wapatao 40,000 hadi 60,000 kwa kesi za uchawi, wengi wao wanawake.

Tena ukaja ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka michache baadaye vijana walikuwa wakifa katika mikoa yetu kwa ugonjwa ambao wengi hawakuujua jina. Kijana akikonda na kufa, na bibi yake yu hai, watu waliuliza kwa nini. Hapo utafiti juu ya mambo ya unyumba ulianza kwa nguvu. Kule Mwanza, jaribio lililochapwa mwaka 1995 lilionyesha kwamba kuyatibu vizuri magonjwa ya zinaa hupunguza maambukizo mapya ya virusi kwa kiasi cha asilimia 40. Dunia nzima ilijifunza kutoka Mwanza. Lakini uchunguzi mwingi wa taifa wa miaka hiyo uliwauliza watu wa miaka 15 hadi 49, na uchunguzi wa uzazi na afya hata leo huwauliza wanawake wa umri huo tu. Bibi wa miaka 60, aliyemuuguza mwanawe na sasa analea wajukuu, hakuulizwa kama yeye mwenyewe ameambukizwa, wala kama bado anakutana na mwanamume, wala macho yake yanamsumbua tangu lini. Kwa hesabu za nchi alikuwa hayupo. Alikuja kuandikwa na polisi. Mimi naona hilo ni kosa la wasomi, si la wanakijiji.

Yamefanyika mambo pia. Katika miaka ya 2000 shirika la HelpAge International na wenyeji wa Magu waliwafundisha watu kujenga majiko banifu, waliwatengenezea wazee nyumba, wakazungumza na waganga wa kienyeji. Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka mwaka 2003. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumpa kila mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe tajiri au maskini. Fedha hizo za wakati huo zilikuwa kidogo, lakini bibi anayeingiza unga nyumbani kila mwezi si mdomo uliozidi.

Kabla ya somo lijalo, kila kikundi kimchague mwanamke mmoja wa kuandika, na si lazima awe katibu wa siku zote. Tembeleeni nyumba kumi. Andikeni umri wa mpishi, kuni anazotumia, kama jiko lina dirisha, na macho yake yalianza kuwasha lini. Muulizeni yeye mwenyewe, si mwanawe. Mkimkuta mwenye kope zilizogeuka ndani, mpelekeni zahanati, maana kope hizo hutengenezwa kwa upasuaji mdogo, na mzee hurudi nyumbani siku ile ile.