Barua ya Luther kwa Baba Yake Mgonjwa

Mwezi Februari 1530 Dkt. Martin Luther alipata habari kwamba baba yake, mzee Hans, yu mgonjwa sana huko Mansfeld. Kwenda hakuthubutu, maana maisha yake yalikuwa hatarini njiani. Alimtuma mpwa wake, Cyriac, na barua. Humo hakumficha mzee kwamba huenda saa yake imewadia (sisi twapenda mno kuwaficha wagonjwa), bali alimkabidhi kwa Kristo aliyeyashinda mauti. Mchungaji alipomwuliza kama anayaamini hayo, Hans alijibu kwamba asiyeyaamini ni baradhuli. Alifariki Mei 29. Luther, akiwa Coburg, alitwaa Zaburi zake, akaingia chumbani, akalia sana. Mei 1531 alimwandikia tena mgonjwa: mama yake, Margarethe.