Shela, ukaya na yule dada asiye na jina

Kwa wiki sita sasa mimi na wenzangu wanne tunakutana barazani, hapa Mji Mkongwe, kupanga maonyesho ya pamoja ya sanaa. Mada tuliyokubaliana ni mitandio na mambo yaliyofichwa. Yupo mchoraji, yupo mpiga picha, yupo fundi cherehani, yupo kijana wa kuchonga mbao, na mimi ambaye kazi yangu ni kuandika vile vikaratasi vinavyobandikwa pembeni ya kila kitu. Nilidhani nimepewa kazi nyepesi. Kumbe!

Maana ukianza kuandika habari za kujifunika Unguja, swali la kwanza si nguo gani ilivaliwa. Swali ni nani aliruhusiwa kuivaa.

Karne ya 19 mwanamke wa nyumba kubwa hakuonekana njiani ovyo. Majumba ya kifalme pale ufukweni yaliunganishwa kwa madaraja ya juu, ili wanawake wapite nyumba hadi nyumba bila kukanyaga barabara. Lamu nako kuna wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Na akitoka, ana barakoa. Ndiyo, neno hilohilo lililokuwa midomoni mwetu wote 2020 wakati wa korona, ila hii ya zamani ilifunika paji la uso na pua, macho yakaachwa, na ilitariziwa vizuri kweli. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, anaitaja kwenye kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani 1886, miaka 20 baada ya kutoroka Unguja kwa jahazi la mapenzi (sawa, ilikuwa meli ya kivita ya Waingereza, lakini mmenielewa).

Kilichonikamata zaidi ni shiraa ya Lamu na Mombasa. Hili lilikuwa hema la kutembea. Kitambaa kikubwa kimeinuliwa kwa miti, mabibi wako katikati, wanakwenda harusini bila jicho la mtu kuwafikia. Fundi wetu alifurahi mno, akaanza kupiga hesabu za yadi papo hapo. Tutaishona moja, itakaa katikati ya ukumbi, mgeni aingie ndani atembee nayo.

Halafu yule kijana wa mbao akauliza, "Sasa miti anashika nani?"

Kimya. Miti walishika watumwa. Walikuwa nje ya hema, uso wazi, juani, ili wengine wasionekane. Kujifunika kulikuwa alama ya uungwana, na aliyemilikiwa hakuwa na haki hiyo. Mavazi yake yalikuwa kaniki, kile kitambaa cheusi cha bei rahisi, au marikani, pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani, imefungwa kwapani, mabega wazi.

Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873. Hadhi ya utumwa kisheria ikaondolewa 1897, ila masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Na sasa tazama wanawake wale walioachwa huru walifanya nini. Kaniki wakaitupa. Wakavaa kanga za rangi, doti kamili, moja kiunoni na moja kichwani. Wengine wakajitanda ukaya. Halafu, mwanzoni mwa karne ya 20, likashika kasi buibui, lile la asili la kamba, kitambaa cheusi kinachofungwa kwenye paji la uso. Mtukufu akalivaa, na mjukuu wa mtumwa wa Ng'ambo akalivaa. Ukilitazama kwa nyuma hujui nani ni nani. Siku hizi wageni wakiona nguo nyeusi husema mwanamke kafungwa. Jamani, kuna wanawake ambao kwao kujifunika ndiyo ilikuwa siku yao ya kwanza ya kujimiliki.

Hapo ndipo kasheshe yetu ilipoanza.

Mpiga picha wetu ana nakala ya kadi ya posta ya kama miaka 1900. Enzi hizo kulikuwa na studio za picha mjini, ya A. C. Gomes mojawapo, na kadi za namna hiyo ziliuzwa kwa abiria wa meli. Kwenye kadi yumo msichana, kasimama mbele ya pazia lililochorwa, mabega wazi, kichwa wazi, mkono umewekwa kiunoni kwa namna ambayo hakuichagua mwenyewe. Chini pameandikwa jumla jumla tu kwamba ni mwanamke wa Zanzibar. Jina hakuna. Mpiga picha alitaka kuikuza ifike urefu wa ukuta, iwe ya kwanza mgeni anapoingia. Bango lilishatengenezwa na uso wake. Hela ilishalipwa.

Jirani yetu mmoja, bibi mtu mzima sana, alikuwa ametukubalia kutuazima buibui lake la kamba. Alipokuja kulileta akaliona bango mezani.

"Huyu mwana wa nani?"

"Hajulikani, bibi."

Akaitazama kwa muda. Kisha akalikunja buibui lake, akalirudisha kwenye mfuko. Nikadhani kaona aibu kuwekwa pamoja na mtumwa, maana mambo haya bado yamo majumbani mwetu ingawa watu wanajifanya yameisha. Nikamuuliza kwa adabu, "Bibi, tumekukosea?"

"Mimi nikitoka naifunga kamba yangu mwenyewe," akasema. "Yeye kamfungia nani? Mtamsimamisha hivyo tena mwezi mzima?"

Tulibishana hadi Magharibi. Mpiga picha akasema tukimficha tunaficha historia, na historia ya watumwa imefichwa vya kutosha. Ana hoja, sitamdanganya mtu. Fundi akasema aliyemvua ni mwenye kamera, sisi tusiwe wa pili. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata yenyewe hapa haipo, hakuna ndugu wa kumuuliza.

Mwisho tumekata hivi. Bango limefutwa. Kadi itawekwa kwa ukubwa wake wa kweli, kama kiganja, ndani ya mtoto wa meza, na anayetaka kuiona ataivuta mwenyewe kwa mkono wake. Shiraa itakuwa katikati kama tulivyopanga, ila miti yake minne itasimamishwa bila mtu, na kwenye kila mti nitabandika kikaratasi kitupu. Bibi amelirudisha buibui jana. Mpiga picha bado amenuna, anasema tumemfungia msichana wa watu kwenye droo, na kazi zake nyingine anafikiria kuziondoa. Sijui kama hajasema kweli.

Nami bado nina pengo moja kwenye vikaratasi vyangu. Kama bibi au mama yako ana ukaya au buibui la kamba sandukuni, nambie, alilifunga vipi, na alipewa na nani?