Maziwa ya Nyayo: Bure kwa Mtoto, Deni kwa Mfugaji

Mwambie mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi Kenya miaka ya 1980 maneno matatu tu, "maziwa ya Nyayo", uone uso unavyobadilika. Ataanza kuchora hewani ile pakiti ya pembe tatu. Atakueleza jinsi walivyoing'ata kwenye kona, wakafyonza hadi tone la mwisho, kisha wakaipuliza ikajaa hewa na kuikanyaga. Paa! Mwalimu wa zamu anatoka mbio na kiboko, na hakuna aliyefanya.

Hadithi yenyewe ilianza 1979. Rais mpya alikuwa ameingia Ikulu Agosti ya mwaka uliotangulia, baada ya mwanzilishi wa taifa kufariki, na wengi walidhani hatadumu. Mtukufu akatangaza kwamba kila mtoto wa shule ya msingi atapewa maziwa bure. Mililita 200, mara mbili kwa wiki. Kumbuka hapo kampuni ya kusindika maziwa ya KCC ilikuwa na maziwa ya kutosha, na rais alikuwa anatafuta kupendwa. Mambo mawili yakakutana.

Na yalifanya kazi, tusidanganyane. Mwaka 1978 shule za msingi zilikuwa na watoto karibu milioni 3. Mwaka 1979 wakafika karibu milioni 3.7. Si maziwa peke yake, maana ada na michango nayo ilipigwa marufuku wakati huohuo, lakini muulize mama yeyote wa kijijini enzi zile nini kilimwamsha mtoto bila kusukumwa siku ya maziwa. Hata wadogo ambao umri haujafika walifuata ndugu zao hadi getini.

Kichekesho ni kwamba Uingereza, waliokuwa mabwana wetu, walikuwa wameenda kinyume. Mwaka 1971 waziri wao wa elimu aliwaondolea maziwa ya bure watoto waliozidi miaka saba, akabandikwa jina la mnyang'anyi wa maziwa. Mama huyohuyo akawa waziri mkuu 1979, mwaka ambao watoto wa Kenya walianza kufyonza pakiti zao.

Hiyo pakiti ilikuwa na akili. Maziwa yalichemshwa kwa moto mkali sana kwa sekunde chache, yakafungwa yasiguswe na hewa, kwa hiyo yalikaa muda mrefu bila friji. Bila hivyo, shule isiyo na umeme wala barabara ya lami ingepokea mtindi. Lori likifika, makreti yaliingia ofisini kwa hedimasta. Wengine waliumwa tumbo kwa sababu hawakuzoea. Wengine walificha pakiti ndani ya sweta wampelekee mdogo wao nyumbani. Na ndiyo, chai ya walimu siku hizo ilikuwa nyeupe ajabu, lakini hayo tuyaache.

Sasa njoo kwa mtu asiyetajwa kwenye stori hizi: yule mwenye ng'ombe. Maziwa hayakutoka Ikulu. Yalikamuliwa saa kumi alfajiri na mfugaji wa bonde la ufa au mlima wa kati, yakabebwa kwa mkebe hadi kituoni, yakaenda KCC. Serikali ndiyo ilipaswa kulipia ya shule. Ilichelewa kulipa, na kampuni nayo ikachelewa kumlipa mkulima. Ongeza usimamizi mbovu na siasa kuingizwa kwenye bodi. Mwaka 1992 biashara ya maziwa ikafunguliwa, wasindikaji wengine wakaingia, na KCC haikuwa na nguvu ya kushindana. Kufikia miaka ya mwisho ya 1990 wafugaji walikuwa wanakaa miezi bila malipo. Wengine wakamwaga maziwa, wengine wakauza ng'ombe. Maziwa ya shule yakawa yanakuja mara moja moja, kisha hayakuja tena. Hakuna aliyesimama kutangaza kwamba yamekwisha.

KCC iliuzwa 2000, serikali ikairudisha mikononi mwake 2003. Maeneo makame yalibaki na mahindi na maharagwe, mpango uliokuwepo tangu 1980 kwa msaada wa Shirika la Chakula Duniani. Ahadi ya maziwa yenyewe ilirudi kwenye kampeni za 2013, ikiwa imefungwa pamoja na laptop. Na tangu 2023 mtoto wa shule ya umma Nairobi anagusisha bangili kwenye mashine, zinakatwa shilingi 5, anapewa sahani ya moto.

Mtukufu alipofariki Februari 2020, watu wazima wenye vitambi walijaza simu zao na kumbukumbu za pakiti ile. Wafugaji wengine waliokuwa wakidai pesa zao walikuwa wameshatangulia.