Mapatano ya Waingereza na Maskati, na Asili ya Misheni ya Masasi

Wengi hudhani ya kuwa mapatano ya wafalme ni mambo ya ng'ambo, yasiyowahusu watu wa bara. Lakini sisi wa Chiungutwa, tukitaka kujua jinsi Misheni ya Masasi ilivyoanza, hatuna budi kutazama kwanza Maskati, mji wa Uarabuni.

Mwaka 1822 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alipatana na Kapiteni Moresby, Mwingereza, kwamba watumwa wasiuzwe kwa Wakristo. Said alihitaji urafiki wa wenye manowari. Nao walihitaji rafiki katika njia ya Bara Hindi. Mwaka 1841 balozi wao, Hamerton, alifika Unguja. Mwaka 1845 wakapatana tena kwamba watumwa wasitolewe Afrika kupelekwa Uarabuni. Neno hilo likaanza kutumika mwaka 1847.

Lakini mlango mmoja uliachwa wazi: kati ya Kilwa na Lamu ruhusa ya kuwachukua ilibaki. Kwa hiyo Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa walizidi kuteremshwa Kilwa. Na mtu akiisha kuvushwa Unguja, ni nani atakayemzuia mwenye jahazi asimpitishe kwa siri mpaka Uarabuni?

Said alikufa baharini mwaka 1856, na wanawe wakagombea urithi. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Bara Hindi, aliamua Maskati iwe ya Thuwaini na Unguja ya Majid, naye Majid ailipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Tangu hapo Waingereza walisemezana na Unguja mbali na Maskati. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, akishurutishwa na balozi John Kirk kwa tishio la manowari, alitia sahihi: soko likafungwa, na kuchukua watumwa baharini kukakatazwa kabisa.

Baadhi ya waliookolewa walitiwa mikononi mwa Misheni. Mwaka 1876 Askofu Steere aliwaongoza kundi moja kwa njia ya Lindi, kusudi wafike Nyasa, wakakaa Masasi.

Utumwa wenyewe ulidumu katika sheria ya Unguja hata mwaka 1897. Basi waalimu tuwafundishe wanafunzi kuyasoma mapatano kwa yale yaliyoyaacha pia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa ule wa Kilwa ulikaa miaka 28, ukipitisha watu wa nchi hizi.