Kisiwa cha Kilwa na Watu wa Bara

Wengi wetu tumesoma katika Matendo ya Mitume habari za kisiwa cha Malta, ambako merikebu ya Mtume Paulo ilivunjika. Abiria wote wakapona, wakakaa kisiwani miezi 3, kisha wakapanda merikebu nyingine ya Iskanderia iliyokuwa ikingoja hapo mpaka majira ya baridi yapite. Msomaji wa haraka hutazama ule wokovu wa ajabu tu, asione jambo la kawaida lililomo: ya kuwa zamani za matanga, upepo ndio uliokuwa bwana wa safari, na kisiwa chenye bandari njema kilipata wageni kwa sababu upepo uliwalazimisha kungoja. Nchi yetu Tanzania nayo ina kisiwa cha namna hiyo, nacho ni Kilwa Kisiwani, upande wa kusini, katika mkoa wa Lindi.

Sisi hapa Iguguno tu mbali na bahari. Tunajua mtama, uwele na ng'ombe. Matanga wengi wetu tumeyaona katika picha tu. Kwa hiyo watoto darasani huuliza, "Mwalimu, habari za pwani zatuhusu nini sisi watu wa bara?" Swali hili ni jema, tena linastahili jibu kamili.

Na tuanze na upepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, nayo ndiyo iliyoleta vyombo vya Uarabuni, vya Ghuba ya Uajemi na vya Bara Hindi. Kuanzia Aprili kusi hushika zamu, nayo ndiyo iliyowarudisha kwao. Chombo kilichotoka huko kiliweza kufika Kilwa, kikauza, kikanunua, kikarudi katika mwaka ule ule. Lakini kikitaka kuendelea mpaka Sofala, katika nchi iitwayo leo Msumbiji, kilichelewa, ikakipasa kungoja upepo wa mwaka mwingine. Basi watu wa Kilwa wakaishika kazi ya katikati. Vyombo vyao viliteremka Sofala kuchukua dhahabu na pembe za ndovu, hata wageni walipofika na kaskazi walikuta mali imekwisha kuwekwa tayari. Hiyo ndiyo siri ya utajiri wa Kilwa. Kisiwa chenyewe hakina dhahabu hata punje. Kilikuwa na bandari, na watu waliozijua pepo.

Vyombo vya zamani vya pwani yetu vilikuwa mitepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, pasipo msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mtu wa bara ajuaye kusuka kamba na kushona ngozi ataifahamu kazi hiyo na kuiheshimu.

Je, ni nani waliouanzisha mji ule? Masimulizi ya Kilwa yanasema kwamba Ali bin al-Hasan, mtu wa ukoo wa Shirazi katika Uajemi, alikinunua kisiwa kwa mwenyeji wake kwa nguo nyingi mno. Walakini wataalamu waliochimba ardhi ya kisiwa katika miaka ya 1960, wakiongozwa na Neville Chittick, waliona kwamba watu walikaa hapo tangu zamani zaidi, katika nyumba za miti na udongo, wakivua samaki na kufua chuma. Tena mwaka wa 2023 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya kale ya pwani. Ilionekana kwamba wengi wa watu hao walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na asili ya Kiajemi kwa upande wa baba, nao walianza kuchanganyika yapata mwaka wa 1000. Basi masimulizi ya wazee hayakuwa uongo, lakini hayakusema yote. Mgeni alifika kweli, ila alimkuta mwenyeji nyumbani, akaoa kwake, na watoto wao wakaujenga mji.

Mtu akitaka kuuona mji huo leo, hutoka Kilwa Masoko kwa mashua, na safari si ndefu. Ataona Msikiti Mkuu, ulioanzwa kujengwa katika karne ya 11 na kuongezwa katika karne ya 14, wenye nguzo na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukingoni mwa bahari ataona Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika Kilwa mwaka wa 1331, akausifu uzuri wa mji na ukarimu wa Sultani huyo.

Lakini dhahabu iliyolipa gharama za jumba lile ilitoka wapi? Ilichimbwa na watu wa bara, katika nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa pwani na watu wa bara. Katika magofu ya Great Zimbabwe imeonekana sarafu ya shaba ya Kilwa yenye jina la Sultani yule yule. Hilo ni jibu langu la kwanza kwa watoto: utajiri wa pwani ulisafiri kwanza kwa miguu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wareno hawakuja hivyo. Mwaka wa 1502 Vasco da Gama aliielekezea Kilwa mizinga, akamlazimisha mtawala wake kutoa dhahabu. Dhahabu hiyo ilipofika Ureno, mfalme Manuel aliamuru itengenezwe chombo cha ibada, kikamalizika mwaka wa 1506, nacho kinatunzwa Lisbon hata leo. Mwaka wa 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, watu wake wakaupora, akajenga ngome. Wareno wakaiacha mwaka wa 1512. Sisi Wakristo tusiuruke ukurasa huu. Chombo kile ni kizuri sana, lakini mali iliyotolewa chini ya mizinga haiwi sadaka ya aliyenyang'anywa, wala haiwi halali kwa kuwekwa madhabahuni.

Wala wenyeji wa Kilwa hawakuwa watakatifu. Mwaka wa 1776 Sultani wa Kilwa alipatana na Mfaransa aitwaye Morice kumwuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Bandari iliyokuwa imetoa dhahabu ikatoa watu, nao walikuwa watu wa bara. Katika karne ya 19 biashara hiyo mbaya ilihamia Kilwa Kivinje, ng'ambo ya pili. Siku hizo hizo njia kuu ya misafara toka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita kusini ya nchi yetu hii, pembe zikiteremka na nguo zikipanda. Kwa njia za misafara lugha ya Kiswahili ilipanda pia, nasi leo twaisoma na kuiandika kama yetu. Hilo ndilo jibu la pili.

Mwaka wa 1981 UNESCO iliyatia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka wa 2004 yalitiwa katika orodha ya mahali palipo hatarini, kwa kuwa mvua na mawimbi yalikuwa yakiyabomoa. Yakatengenezwa, na mwaka wa 2014 yakatolewa katika orodha hiyo. Mawe yamepata watunzaji. Jina la Sultani limebaki katika shaba. Lakini majina ya waliobeba dhahabu na pembe, na ya wale waliouzwa, hayakuandikwa popote.

Kwa hiyo, walimu wenzangu na wazazi, kazi yetu si kusifu magofu tu. Hapa Iguguno hatuna magofu ya mawe, tunao wazee. Tuwaulize njia walizopita babu zao, mizigo waliyochukua, na nani alikwenda asirudi. Kisha watoto wetu, maadamu wamejua kuandika, wayaandike majina hayo.